Mbolea Iliyooga

Nyuma ya nyumba ya Emmanueli Tluway, kule Buger, kuna jiwe pana jeusi ambalo maji ya sabuni yamelilainisha kama sahani. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila Jumanne alasiri, Emmanueli alisimama juu ya jiwe hilo amevaa kaptula tu, akijimwagia maji baridi ya mfereji, huku mke wake akimsubiri mlangoni na taulo na kipande cha sabuni ya mche.

Emmanueli alikuwa mtunza josho wa kijiji. Josho ni handaki jembamba la saruji lililojaa maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe hutumbukia upande mmoja, huogelea hatua chache macho yamewatoka, kisha hupanda upande wa pili na kusimama kwenye sakafu ya uwanja mdogo wakichuruza. Huko hakuna anayesema ng'ombe wametiwa dawa. Husema wameoga. "Wako wameoga?" jirani humwuliza jirani. "Wangu wana wiki mbili hawajaoga." Na Selestina, mke wa Emmanueli, alitoa sheria yake mwezi wa kwanza wa ndoa: "Ng'ombe wameoga, na wewe utaoga. Josho halivuki kizingiti changu."

Nilifika kwao mwezi wa saba mwaka juzi, wakati wa baridi. Aliyenituma ni mwana wao wa kwanza, Thomasi, dereva wa watalii. Tulikuwa tunapanda kutoka kreta ya Ngorongoro, vioo vimefungwa, vumbi limetukaa mpaka kwenye nyusi, nami nilikuwa namsimulia nchi nilizopita. Alinisikiliza kwa adabu ya watu wa kazi yake, kisha akasema, "Mwandishi, umezunguka dunia kutazama wanyama wa watu. Nenda Buger ukamtazame mzee wangu. Ana samaki, na wanamfia, na hataki kuniambia kwenye simu kwamba analia."

Kwa hiyo nilikwenda. Nilidhani nitakaa siku mbili.

Kwanza inabidi kueleza jinsi mtunza josho wa Buger alivyopata samaki, maana huko juu, kwenye mashamba ya mahindi na maharage ya ngwara yanayopakana na msitu wa Marang, wazee wengi wa Kiiraqw wamekua bila kumwonja samaki hata mara moja. Bibi yake Emmanueli alimfundisha kwamba samaki ni ndugu wa nyoka: hana miguu, hana kope, na hukutazama hata akiwa amekufa. Emmanueli alikuwa kijana alipopelekwa Mwanza kwenye mafunzo ya mifugo ya miezi mitatu. Siku ya kwanza, kwenye chumba cha chakula, msichana wa jikoni, Mkerewe mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji, alimwekea sato mzima juu ya ugali. Emmanueli akamrudishia sahani.

"Unaumwa?" msichana aliuliza.

"Siumwi. Kwetu hatuli nyoka wa majini."

"Basi utakula ugali na aibu," alisema msichana, "maana mboga nyingine hakuna."

Alikula ugali na chumvi miezi mitatu. Mwishoni mwa mafunzo alirudi Buger na cheti kimoja, na baada ya mwaka akamfuata msichana yule wa jikoni, Selestina, kwao na shemasi na wajomba wawili. Selestina alihamia kwenye baridi, kwenye maziwa na makande, kwenye lugha ya Kiiraqw ambayo mpaka leo anaitamka kama mtu anayetafuna karanga za moto. Miaka arobaini hakulalamika habari za mboga. Samaki waliofika mnada wa Karatu walikuwa wamesafiri mno. Akiwaona, alikuwa akisema tu, "Hawa wameshasahau maji," na kwenda kununua nyama.

Kisha, wakati wa Kwaresima moja, Emmanueli ameshastaafu, Selestina alipata kiharusi chepesi. Mguu wa kushoto ukawa mzito na mkono wa kushoto ukapoteza nguvu ya vidole. Lililowatisha zaidi nyumbani ni kwamba aliacha kula. Vijiko vitatu, vinne, basi. "Chakula kimekuwa kama pamba mdomoni," alisema. Wakamletea asali, wakamletea maini, kuku akachinjwa. Siku moja, akiwa ameketi juani, alisema bila kumlenga mtu, "Ningepata sato aliyetoka majini asubuhi hiyo hiyo. Supu yake tu."

Emmanueli alikuwa ananoa jembe. Kesho yake alishuka mwisho wa shamba, mahali ambapo mfereji unatoka kwenye chemchemi ya msituni, akaanza kuchimba. Alikuwa na miaka sitini na sita.

Julius, aliyerithi kazi yake joshoni, alipita na kuegemea ua. "Aako," alimwita, jina la heshima la Kiiraqw kwa babu, "tembo gani amekufa tumzike hapa?"

"Pita zako, Julius."

"Nauliza tu, nije na koleo au na mchango wa msiba?"

Alikuja na koleo. Wiki sita walichimba, wakashindilia kingo, wakaweka bomba la kuingizia maji na la kutolea. Mwezi wa kumi na moja Thomasi alileta vifaranga mia nne vya samaki kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, kila kimoja ukubwa wa mbegu ya boga. Afisa uvuvi aliyekuja kuwaelekeza, binti aitwaye Goodness mwenye pikipiki nyekundu na buti kubwa kuliko miguu yake, alisema hao ni perege. Selestina, kutoka kwenye kiti chake, alisema hao ni sato.

"Mama, kitaalamu ni perege."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nawajua hawa kabla mama yako hajajua kutembea. Ni sato."

Emmanueli, ambaye hakutaka kuwagusa, aliwaita "wale wa Mama Thomasi." Na Selestina akaweka sheria ya pili ya maisha yake: asivuliwe hata mmoja kabla hajafikia upana wa kiganja chake. "Mdogo kuliko kiganja ni mtoto. Sitaki kuletewa mtoto." Alinyoosha mkono mzuri, Emmanueli akaupima kwa uzi, akafunga fundo, akautia uzi mfukoni. Nilipofika bado alikuwa nao.

Goodness alimfundisha kulisha pumba asubuhi na jioni, na kuweka mbolea ya ng'ombe kwenye gunia lililotobolewa na kulizamisha kwenye kona ya bwawa, ili maji yawe ya kijani. Ule ukijani ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nao ndio uji wa samaki wachanga. Emmanueli ana ng'ombe wawili tu, na mbolea yao huenda kwenye migomba. Ilipofika mwezi wa tano ikapungua. Ndipo Julius, kwa mapenzi na heshima kwa mkubwa wake wa zamani, akapata wazo: pale joshoni, ng'ombe mia mbili wanaposimama kuchuruza, sakafu hujaa kinyesi. Kilikuwa kinatupwa tu. "Aako, mbolea ya bure! Kila Jumatano nakuletea gunia."

Nimeandika hivyo waziwazi kwa sababu msomaji anaona mbele kuliko walivyoona wao. Nami nilikuwepo, na sikuona. Gunia lile nililishika mwenyewe upande mmoja, nikasaidia kuliburuta hadi majini, Jumatano yangu ya kwanza Buger.

Samaki walikuwa wamefikia upana wa vidole vitatu na nusu walipoanza kufa. Kwanza kumi, wiki iliyofuata ishirini na watano. Kabla ya kufa walipanda juu na kufungua midomo kwenye uso wa maji, pap, pap, pap. Mara ya kwanza Emmanueli alifurahi. Alidhani wanaomba chakula, kama ndama wanavyoinua pua wakisikia ndoo, akawaongezea pumba. Pumba ile haikuliwa. Ilizama ikaoza.

Walipoendelea kufa hakushtuka upesi kama ambavyo wewe au mimi tungeshtuka, na sababu yake ilikuwa ile ile kazi yake. Alinieleza tukiwa tumechuchumaa ukingoni, mikono yetu kwapani kwa baridi. "Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikipita kwenye zizi, ndama watano wanakufa. Wanaobaki wanakuwa sugu. Ndama sugu utampeleka popote, hata Kakesio kwa Wamasai, kwenye kupe wakubwa kama maharage, hafi. Nikasema, hawa nao wanachujana. Watakaobaki watakuwa sugu." Alitema mate pembeni. "Nilikuwa nawahesabu waliobaki, sikuwa nawahesabu waliokufa."

Goodness alikuja Ijumaa ile. Alizamisha kipimajoto: nyuzi kumi na sita. Alimvua samaki mmoja aliyekuwa anaogelea kwa ubavu, akatuonyesha ubavuni mwake kitu cheupe kama pamba iliyotolewa kwenye godoro. "Huu ni ukungu," alisema. "Vijidudu vyake vimo majini siku zote. Samaki mwenye nguvu ana ute mwilini unaomkinga, havimpati. Akipata baridi, akibanana na wenzake, akikosa hewa, ute unapungua na kinga inashuka. Hapo ndipo ukungu unamkamata."

"Kama ng'ombe," alisema Emmanueli. "Ugonjwa anao siku zote, anasubiri tu njaa au safari ndefu imwangushe."

"Kama ng'ombe kabisa, Aako."

Nilimweleza Goodness habari za kaa niliowaona wakinenepeshwa kwenye vizimba vya mikokoni, pwani ya kusini. Mvua kubwa ilipomwaga maji matamu kwenye maji ya chumvi, kaa walilegea kwa siku mbili tatu, kisha madoa meusi yakatokea kwenye magamba, na mama mwenye vizimba akawa ananiuliza mimi, mpita njia, jina la ugonjwa. Goodness alicheka. "Kila mtu anataka jina. Mimi huwa nauliza: wiki iliyopita ulifanya nini? Wanakasirika."

"Mimi sijafanya kitu," alisema Emmanueli, amekasirika.

Goodness akampa masharti: apunguze pumba, aondoe iliyooza, maji yaingie kwa kuanguka kutoka juu ili yabebe hewa. Emmanueli alifanya yote siku ile ile. Alijenga kijimfereji cha mabati, maji yakawa yanaanguka kwa sauti nzuri kama ya mtu anayemimina chai. Jumamosi samaki walitulia. Jumapili, baada ya misa, alisimama ukingoni amevaa koti lake la kanisani, uzi mkononi, akimkadiria mmoja aliyepita karibu. "Bado kidogo," alisema. Jumatatu na Jumanne hakufa hata mmoja. Jumanne jioni Selestina alikula vijiko saba vya uji wa ulezi, na mzee alinihesabia kwa kunionyesha vidole nyuma ya mgongo wake.

Jumatano Julius alileta gunia.

Alhamisi alfajiri ilipopambazuka walikuwa juu ya maji kama majani ya mti uliotikiswa. Niliwahesabu hadi mia moja na arobaini, nikaacha. Emmanueli aliingia majini na viatu vyake. Mtu aliyekuwa hagusi samaki alikuwa anawaokota kwa mikono miwili, akiwaweka juu ya nyasi mmoja mmoja, kwa utaratibu, vichwa upande mmoja, kana kwamba kuna mtu atakuja kuwatambua. Nilimwambia atoke, baridi itamwua. Hakunisikia.

Ndipo tulipomsikia Selestina. Tangu Kwaresima ya ugonjwa hakuwahi kutembea mbali zaidi ya jiwe la kuogea. Sasa alikuwa anashuka shamba zima, fimbo mkono wa kulia, mguu wa kushoto ukiacha mstari kwenye umande, khanga imefungwa kichwani vibaya.

"Mama Thomasi, rudi, utaanguka!"

"Nikianguka nitakuwa nimeanguka kwenye shamba langu. Vyura wamenyamaza."

"Nini?"

"Dirisha langu linaelekea huku. Kila siku nawasikia vyura. Kila Jumatano jioni wananyamaza, mpaka Jumapili. Jana wamenyamaza tena. Hao nao wana pamba ubavuni?"

Alifika ukingoni akihema. Aliwatazama samaki waliopangwa kwenye nyasi, na mdomo wake ukatetemeka upande mmoja, ule unaoweza. Kisha akanusa. Aligeuza kichwa, akanusa tena, akafuata pua yake hadi kwenye kona lilipozama gunia. Aliweka fimbo chini, akashika kingo za gunia kwa mkono mzuri, akainama mpaka uso wake ukakaribia maji.

"Emmanueli." Hakuwahi kumwita hivyo mbele ya wageni. "Emmanueli, mbolea hii imeoga."

Nilimwona mzee akisimama, samaki wawili mikononi. Nilimwona akielewa. Haikuchukua muda. Maneno hayo matatu yalimwingia yote kwa pamoja: uwanja wa kuchuruza, maji ya dawa yakidondoka kutoka kwenye matumbo ya ng'ombe mia mbili juu ya kinyesi, gunia, Jumatano, vyura.

"Miaka thelathini na mmoja nimekuogesha harufu hii," alisema Selestina, polepole sasa. "Ningeisahau vipi?"

Emmanueli aliketi kwenye majani, nusu ndani ya maji, miguu bado bwawani. Alisema, "Kopo la dawa lina picha ya samaki aliyekufa na mti mkavu. Nimeitazama miaka yote hiyo. Nilidhani ni chapa ya kampuni."

Nadhani alitaka mtu acheke. Selestina alicheka kweli, kicheko kifupi, halafu akaona mabega ya mumewe yalivyoshuka na akaacha. Alimfikia kwa hatua tatu za shida, akaweka mkono wake mzima juu ya kofia yake ya sufu, akauacha hapo. "Inuka, Baba Thomasi. Wako walio hai. Nimewaona pale bomba linapoingia."

Kweli, pale maji mapya ya chemchemi yalipoanguka kutoka kwenye bati, kikundi kidogo kilikuwa kimejibana kwenye mapovu. Emmanueli akainuka. Alikimbia hadi bandani, akarudi akiviringisha pipa la bluu.

"Pipa hilo limetoka wapi?" mkewe aliuliza.

Akasimama. Limetoka joshoni, zawadi ya kustaafu. Akalitupa. Akakimbilia ndoo mbili za kunyweshea ng'ombe.

"Na hizo?"

Joshoni. Hata kata ya kuchotea ilikuwa ya josho. Mtu aliyefanya kazi sehemu moja miaka thelathini huishi kwa masalia ya kazi hiyo, na hakukuwa na chombo cha kiume katika boma lile ambacho hakijawahi kuoga. Tulibaki na vyombo vya Selestina: masufuria mawili ya harusi, na beseni kubwa la plastiki ya waridi ambalo tangu augue alikuwa anaogea ndani yake akisaidiwa na mumewe. Tuliyajaza maji ya chemchemi, juu kabisa ambako hakuna gunia wala ng'ombe. Tukawabeba humo. Walikuwa thelathini na watatu. Nje kulikuwa na baridi, na mbwa wa jirani, kwa hiyo beseni liliwekwa chumbani, pembeni mwa kitanda cha Selestina.

Goodness alikuja mchana mbio, ametupa pikipiki mlangoni. Alisikiliza yote, akanusa gunia, akafumba macho. "Nilikuuliza wiki iliyopita ulifanya nini, sikuuliza mbolea unatoa wapi. Hilo ni kosa langu," alisema. Kisha akaeleza: baridi na ukungu vilikuwa kweli, viliwadhoofisha. Lakini dawa ya kupe, hata tone, kwa samaki na kwa wadudu wa majini na viluwiluwi ni kifo, na samaki aliyechoka kwa baridi hana hata nguvu ya kuikimbia.

"Na waliobaki?" Emmanueli aliuliza. "Hawa sasa ni sugu?"

"Hapana, Aako. Ndama hupona ndigana, mwili wake ukajifunza. Sumu haifundishi mwili. Hawa wamepona kwa sababu walijua kusimama penye maji mazuri."

"Basi wana akili," alisema Selestina kutoka kitandani, akitazama beseni. "Ni sato."

Maji ya bwawa hayakuruhusiwa kurudi mtoni, wanakokunywa watu wa chini. Emmanueli alichimba mtaro na kuyamwaga polepole kwenye shamba tupu alilovuna mahindi, udongo ukayanywa. Waliokufa walizikwa mbali na mbwa, shimo refu, na ni Julius aliyelichimba. Alikuja Ijumaa, hajanyanyua uso, akafanya kazi siku nzima bila utani hata mmoja, jambo lililowasikitisha wote kuliko samaki. Jioni aliweka gunia dogo mlangoni.

"Nini hiki?" Emmanueli aliuliza.

"Mbolea, Aako. Ya ndama wangu wa nyumbani." Akasita. "Huyu hajaoga tangu azaliwe. Hata mama yake anamlalamikia."

Emmanueli akalipokea gunia. Kisha akaenda kuleta viti viwili.

Ningeweza kuondoka hapo, na nilikuwa na sababu: gari la kwenda Loliondo lilikuwa linaningoja. Nilikaa siku tisa zaidi. Nilitaka kuona chumba kile. Asubuhi na jioni Emmanueli alibadili maji ya beseni, kopo kwa kopo ili yasiwashtue kwa baridi, na kwa kuwa beseni lilikuwa na wageni, alimwogesha mkewe kwa kitambaa na karai dogo, akigeuza kiti kielekee dirishani. Usiku mzima samaki walikuwa wakigonga plastiki. Selestina alisema sauti ile inamlaza, ni kama nyumba ya baba yake kisiwani. Alianza kuomba viazi. Halafu akaomba viazi na mchuzi. Kila siku, bwawa lilipokuwa linakauka juani limepakwa chokaa, alishuka na fimbo yake kukagua kazi, akisimama mara nne njiani, kisha mara tatu. Siku niliyoondoka alisimama mara moja tu, na nadhani ilikuwa kwa sababu ya kunikaripia viatu vyangu.

Nilirudi mwaka jana, mwezi wa saba ule ule. Nilipofika Karatu, Thomasi alinichukua stendi, na njiani alikuwa anatabasamu tu kwenye usukani.

Wale thelathini na watatu hawakuliwa. Goodness alisema wasiliwe kwa muda mrefu, na muda ulipopita Selestina alikataa mwenyewe. "Walilala chumbani kwangu. Huwezi kumla mtu aliyelala chumbani kwako." Walirudishwa bwawani maji yalipopata joto, wakazaa, na watoto wao walikuwa wengi kiasi kwamba Goodness aliamuru wapunguzwe, baadhi wakaenda kwa Julius, ambaye naye amechimba kaburi lake la tembo. Gunia la mbolea sasa limefungwa utepe wa khanga ya Selestina. Bila utepe huo haliruhusiwi kugusa maji, na utepe haufungwi kabla hajanusa mwenyewe.

Asubuhi ya pili tulishuka sote. Emmanueli alikuwa na wavu. Alivua mmoja, akautoa uzi mfukoni, umekuwa mweusi kwa jasho, akaulaza ubavuni mwa samaki. Fundo lilifika ukingoni hasa. Alimtazama mkewe.

"Pima kwa kiganja," alisema yeye. "Uzi unanyooka." Akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya samaki. "Haya."

Alipika mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, akimwamrisha mumewe nyanya hapa, ndimu pale, usikoroge, unavunja. Supu ilipoiva tukagundua tatizo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria kwa muda wote ule. Mkono wa kushoto wa Selestina hauwezi kubana, na huwezi kutoa miiba kwa mkono mmoja.

Emmanueli alinawa. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye, sahani magotini. Akamtazama samaki, na samaki akamtazama yeye, bila kope.

"Anza mgongoni," alisema Selestina. "Kuna mfupa mrefu. Ukiufuata, ile midogo inakuja nao. Usiogope, hakuumi."

Alianza. Vidole vyake ni vinene, vilivyozoea pembe na kamba, na mwanzoni alitoa nyama nyingi kuliko miiba. Kisha vikajifunza. Alitoa mwiba, akaupanga kwenye ukingo wa sahani, akahakiki kipande juu ya mwanga wa dirisha kama mtu anayesoma barua, akampa mkononi. Akangoja ameze ndipo aanze kingine. Selestina alikula macho yamefumbwa. Alikula upande mmoja wa samaki, akaomba ageuzwe, akala wa pili. Alikunywa supu yote. Thomasi alitoka nje akasema anakwenda kuangalia tairi.

"Na wewe onja," Selestina alimwambia mumewe hatimaye, akimpa kipande.

"Kwetu hatuli..."

"Najua kwenu. Basi kaa na aibu yako."

Emmanueli alicheka, lakini hakuonja. Aliinuka na mikono yake iliyolowa mafuta ya samaki mpaka viwiko, akafungua mlango wa nyuma, akaenda zake kwenye jiwe, kama alivyokwenda kila Jumanne kwa miaka thelathini na mmoja, akainama kuchukua kopo la maji.

"Baba Thomasi," Selestina alimwita kutoka ndani. "Unafanya nini huko?"

"Naoga. Nanuka samaki."

"Nani kakwambia uoge? Ingia hivyo hivyo."